Flochati kwa saiti: mshale wa "hapana" ndio wenye kazi

Saiti zingine hapa Kisumu, hasa hizi gorofa zinazopanda upande wa Mamboleo na Milimani, siku hizi ukiingia stoo unakuta ukutani kumebandikwa chati ya mtiririko wa kazi, ile wengi tunaita flochati. Viboksi, mishale, na ile alama iliyokaa kama almasi yenye swali la ndio ama hapana. Injinia anaipenda, mafundi wanapita tu. Nimesikia foremani akisema wazi kwamba nyumba haijengwi na makaratasi na wenzake wote wakaitikia, na mimi naona wamesema ukweli nusu, ile nusu ingine ndio inatugharimu.

Nianze na nusu yao. Chati haipimi kitu, ukitaka kujua nguvu ya konkriti utavunja kiubu, kile kipande cha konkriti cha kupimia, kwa mashine, hakuna mchoro utakwambia. Pia kuna ile tabia ya kontrakta kutoa chati ya mradi mwingine, kubadilisha jina, kuitia kwa faili ya tenda na imeisha hapo. Na chati ya viboksi 40 nani ataisoma akiwa amebeba karai kichwani? Fundi aliyekaa kwa mjengo miaka anaangalia konkriti ikitoka kwa mixa na anajua imezidi maji, na mara nyingi anajua sawa. Haya yote nakubali.

Lakini ati ni kitu cha ofisi, hapo sikubali. Frank Gilbreth, Mmarekani ambaye pamoja na mke wake Lillian waliwasilisha chati za mtiririko wa kazi mbele ya mainjinia wa Marekani mwaka 1921, alianza maisha kama mwashi wa matofali. Alikuwa amekaa akaangalia mikono ya waashi wenzake na akapunguza miondoko ya kuweka tofali moja kutoka 18 hadi karibu 5. Kwa hivyo mzizi wa hii kitu uko kwa mjengo, kwa watu wenye simiti kwa kucha, na ikifika kwa saiti imerudi kwao.

Sasa nikuje kwa jambo linalonikosesha raha, hizo siku 28. Konkriti tunaihukumu kwa kiubu kilichovunjwa siku 28 baada ya kumwaga. Tuseme kontrakta anamwaga slabu kila baada ya wiki mbili, na hiyo si haraka ya ajabu kwa mwenye plot anayelipa mkopo. Slabu ya kwanza imemwagwa leo, ya pili siku ya 14, na siku ya 28 maabara inapopiga simu kusema kiubu cha kwanza kimefeli, mixa inanguruma ikimwaga slabu ya tatu. Unafanya nini hapo? Utatoboa slabu utoe sampuli, utajaribu uzito, utaongeza nguvu, ama utabomoa, na kila moja ya hizo ni pesa na kesi. Kuna wanaosema kiubu cha siku 7 kinasaidia, na kweli kinasaidia, kwa kawaida konkriti ya siku 7 huwa imefika kama theluthi mbili ya nguvu yake, lakini hata hiyo siku ya 7 konkriti tayari ni jiwe na watu wako juu wanafunga vyuma vya nguzo. Kipimo kinakuja nyuma ya kazi siku zote. Kitu pekee kinachoweza kukaa mbele ya kazi ni swali lililowekwa mahali pake kabla konkriti haijashuka, na kuweka swali mahali pake ndio kazi yenyewe ya flochati.

Chukua ile koni ya kupima ulaini wa konkriti. Chuma ya milimita 300 kwenda juu, unajaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unagonga mara 25 na fimbo ya chuma, unainua koni polepole, unapima imeshuka kiasi gani. Ni dakika chache. Saiti nyingi koni iko, hata cheklisti iko na imetikiwa. Kinachokosekana ni jibu la swali moja, ikishuka kupita kiasi, yaani maji yamezidi, nani anasimamisha mixa na ile konkriti inaenda wapi? Saa nane mchana, jua la Kisumu linawaka, konkriti inaanza kukauka kwa wilbaro, mtu wa mkono anaongeza debe la maji iteleze vizuri, na hakuna mwenye mamlaka ya kumwambia simama kwa sababu injinia yuko Kakamega kwa saiti ingine. Cheklisti inauliza kama umepima. Flochati iliyochorwa vizuri ina mshale wa hapana, na huo mshale lazima uende mahali na uwe na jina la mtu.

Vile vile na vyuma kabla ya kumwaga. Zile biskuti za simiti zinazoinua vyuma visilale kwa mbao ziko zote? Hapana, basi lori la kokoto halishushi hadi zipatikane. Ni maneno mafupi, lakini yakiandikwa Jumatatu na kila mtu yuko hapo, Alhamisi foremani hana haja ya kugombana na kontrakta.

Ndio maana chati ya kukopa haisaidii. Ukijenga huku Kano kwa udongo mweusi wa pamba, unaovimba mvua ikija na kupasuka kiangazi, swali la kwanza ni umechimba ukaupita ama bado. Nakuru utauliza mengine, kule kuna majivu ya volkano na nyufa za ardhi.

Hoja ngumu zaidi kutoka upande ule mwingine ni ya pesa. Mwenye plot akisema mwaga, utamwonyesha mchoro? Mchoro pekee atauchana. Kwa hivyo mimi ningetaka chati iingie ndani ya mkataba, hapana tatu au nne tu, msingi, vyuma, koni na kumwagilia konkriti maji siku 7 baada ya kumwaga, kila moja na jina la anayesimamisha kazi, na iandikwe kwamba siku hiyo watu wa mkono wanalipwa hata mixa ikiwa imezimwa. Bila hiyo ya mwisho, vijana wenyewe ndio watakuwa wa kwanza kuomba konkriti ipite.