Mimi nipeni gari lililotembea

Nilibonyeza kitufe cha kiyoyozi, kidole kikanata. Nilipokivuta kikatoka na weusi, kama nimeshika lami ya Januari. Gari lenyewe ni Ferrari F355 ya mwaka 1997, nyekundu, maili 9,000 tu tangu itoke kiwandani, na muuzaji kasimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayekuonyesha mtoto wake mchanga. "Haijawahi kunyeshewa," akasema. Rafiki yangu wa Mombasa, aliyenikokota mpaka huko kaskazini mwa Uingereza Jumamosi asubuhi, alikuwa ameshapotea. Macho yamemtoka. Mimi nafuta kidole kwenye suruali.

Wapenzi wa magari haya hawapendi kuambiwa hivi, lakini kwa Ferrari za miaka ile maili chache mara nyingi ni onyo. Watu wa pwani tunamjua mwari: huwekwa ndani, hapigwi jua, anasingwa, anasubiriwa. Gari la namna hii nami naliita mwari. Tofauti ni kwamba mwari wa kwetu siku zake zikiisha anatolewa nje kwa ngoma. Huyu amekaa ndani karibu miaka thelathini.

Na kukaa kunaliua gari. Plastiki za ndani za Ferrari za wakati huo zilipakwa utando laini ambao ukizeeka unayeyuka na kunata. Ndio ulionikamata kidole. Hilo dogo. Kubwa ni mpira. Injini ya 355 ina silinda nane na vali arobaini, na vali hizo zinaongozwa na mikanda ya mpira, mikanda ya taimingi. Mkanda ukikatika pistoni zinakutana na vali, na hapo huna injini tena, una vyuma chakavu. Mkanda hauhesabu maili peke yake, unahesabu na miaka, ndiyo maana wanaojali huubadilisha kila baada ya miaka mitatu hadi mitano hata kama gari halikutoka nje ya geti. Tatizo ni kwamba mikanda yenyewe inatazama ukuta wa nyuma ya viti, mkono haupiti, kwa hiyo injini nzima inashushwa chini. Ni kazi ya maelfu ya pauni. Waitaliano wenyewe waliliona hilo: kwenye mrithi wake, 360 Modena ya 1999, wakaweka kifuniko nyuma ya viti ili fundi afike bila kushusha injini, na F430 iliyofuata ikaja na cheni badala ya mikanda.

Nikamuuliza muuzaji mikanda ilibadilishwa lini. Akasema gari halijatembea, hakukuwa na haja.

Basi.

Uingereza kuna kitu kimoja kizuri ambacho ningetamani nyumbani tuwe nacho: gari likishapita miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, maili zake zinaandikwa, na ukiwa na namba ya gari unaziona bure mtandaoni. Sisi tuliozoea Premio ya Japani yenye "kilomita 60,000" huku usukani umelika kama sabuni ya kufulia, tunajua thamani ya rekodi kama hiyo. Nilimfungulia rafiki yangu kwenye simu. Maili zile ni za kweli kabisa, hakuna aliyezirudisha nyuma. Lakini kuna mwaka mzima gari lilitembea maili 38. Mwingine 11. Hizo 11 nadhani ni kwenda kukaguliwa na kurudi.

La pili tuliliona siku hiyohiyo, saa kumi jioni, kwa mzee mmoja mstaafu. Ni 355 pia, ya 1998, maili 52,000. "Ati hamsini elfu?" rafiki yangu akaninong'oneza. "Hiyo si matatu hiyo?" Mbele ina vidoti vya kokoto, kiti cha dereva kimekunjamana ubavuni. Lakini mzee alitoka ndani na faili nene kama la kesi ya shamba. Injini imeshushwa mara sita, kila mara risiti ipo. Matawi ya ekzosi, ambayo kwenye 355 yanajulikana kwa kupasuka, yamebadilishwa yote mawili. Zile valvu gaidi, yaani vibomba ambamo vali hupanda na kushuka, jina linalonichekesha kila ninapolitamka mbele ya Mswahili, kwenye injini za mwanzo zilikuwa za shaba laini na zililika mapema. Hizi zimetolewa zikawekwa za madini magumu. Kuna hata kikaratasi alichoandika kwa mkono: tarehe, lita za petroli, alikokwenda.

Mzee akaiwasha. Ilikohoa mara moja, ikatulia.

Bei? Mwari aliombewa karibu mara mbili ya hii. Na sikatai, soko ndivyo linavyosema, anayenunua ili auze atapata zaidi kwa maili chache. Ila soko lenyewe lina vituko vyake. Mwaka 1997 Ferrari ilipoleta gia za F1 kwenye 355, zile za vijiko nyuma ya usukani, watu waliongeza pesa ili wazipate. Leo wanaongeza pesa ili wazikwepe. Gia ya mkono, ile fimbo inayogonga kwenye vijia vyake vya chuma, ndiyo inayopandisha bei. Na mwaka 1988, Enzo Ferrari alipofariki, bei zikaruka kama moto wa makuti, halafu mwanzoni mwa miaka ya 90 zikaanguka na walionunua kwa mkopo wakabaki na chuma na deni.

Kinachonichekesha zaidi ni Ferrari 250 GTO. Zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964, na moja iliuzwa mnadani Monterey, Marekani, mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48. Gari hilo liliundwa kwa mashindano. Zile GTO zilikimbizwa, zilibondwa, zilinyooshwa, zikarudishwa barabarani, na wanunuzi hulipia hasa historia hiyo, ilishindana wapi na nani alishika usukani. Hakuna anayeuliza imetembea maili ngapi. Halafu mtu huyohuyo anayeitamani GTO iliyopigwa vumbi anakataa 355 kwa sababu mwenye gari alithubutu kwenda nayo dukani.

Njiani tukirudi tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye anataka nyekundu, anataka iliyo safi, anasema mimi nina roho ya fundi. Sawa. Nilimwomba kitu kimoja tu, achukue bei ya mwari, ajumlishe mikanda, matairi yaliyokauka, sili zote, tangi la mafuta lililokaa na petroli ya zamani, na ajue kwamba akilinunua hataliendesha, kwa sababu kila maili atakayotembea anapunguza alicholipia.

Alinyamaza wiki mbili. Akanunua ya mzee.

Mwezi wa kwanza kioo cha upande wa abiria kiligoma kupanda, mvua ikamnyeshea paja lote la kushoto, na akanipigia kunilaumu mimi. Jana kanitumia picha ya dashibodi: 52,911. Chini yake kaandika, "Nimekuja Wales kula samaki. Usiniulize mafuta."