Muhula Ukiisha, Pampu Anabaki Nayo Nani?

Kuwapeleka wanafunzi wa uhandisi wakajifunze kwa kutatua shida za watu halisi ni jambo ambalo siku hizi halina wapinzani wengi. Vyuo vinalipenda, wafadhili wanalipenda, na wanafunzi wenyewe wanaona ni afadhali kuliko kukariri fomula. Ubishi huanza pale unapouliza anayefaidika ni nani.

Tazama kiti mwendo cha Amos Winter. Mwaka 2005, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, alikuja Tanzania kuangalia hali ya vifaa vya watu wenye ulemavu wa miguu. Aliyoyakuta hayamshangazi mtu wa hapa: kiti cha kawaida kinakwama kwenye mchanga, na baiskeli ya magurudumu matatu inafika mbali lakini haifai ndani ya nyumba. Yeye na wenzake wakabuni kiti kinachoendeshwa kwa nyenzo mbili ndefu. Ukizishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima, ukizishika chini unapata mwendo. Gia ni mkono wako mwenyewe. Mnyororo na beringi ni za baiskeli, ili kikiharibika fundi wa baiskeli wa jirani aweze kukitengeneza.

Kilipojaribiwa na watumiaji wa Afrika Mashariki, hawakukipamba kwa sifa. Kizito, kipana, na ndani ya nyumba ni kero. Wabunifu wakakipunguza takribani kilo 9, wakaenda kukijaribu tena Guatemala. Kwa wanaotetea mafunzo ya aina hii, hakuna ushahidi mzuri kuliko huu, kwa sababu hakuna mhadhiri ambaye angeyaona hayo akiwa ofisini. Ila waliokosoa kile kiti nao walifanya kazi ya uhandisi, na shahada haikuwa yao.

Wapinzani hawakuanza jana. Mwaka 1968, huko Cuernavaca, Mexico, Ivan Illich, padri na mwanafikra, aliwaambia vijana wa Kimarekani waliokuja kujitolea kwamba ni heri wasingekuja. Maneno makali mno, kwa maoni yangu, lakini jambo moja alilolishika bado lina uzito: mgeni hujifunza kwa gharama ya mwenyeji.

Gharama hiyo huonekana wazi zaidi kwenye maji. Mwaka 2009 RWSN, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa maji vijijini, ulikadiria kwamba takribani theluthi moja ya pampu za mkono katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Nyingi si za wanafunzi, ni za serikali na mashirika makubwa, hivyo tusiwatwike mzigo usio wao. Hata hivyo sababu zinafanana: vipuri havipatikani, na mfuko wa kamati ya maji hauna kitu. Kundi la wanafunzi likikaa wiki mbili linaweza kujenga tangi. Haliwezi kujenga mazoea ya kaya kuchangia kila mwezi, wala kumpata wa kuuza mpira wa pampu wilayani.

Wapo walioliona tatizo la kalenda. Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Marekani, kilianzisha mwaka 1995 mpango wa EPICS, wa wanafunzi kufanya miradi ya uhandisi kwa ajili ya jamii, ambapo mradi mmoja hupokezanwa kwa mihula kadhaa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukaa timu moja na wa mwaka wa nne. Shirika la kujitolea la wahandisi, Engineers Without Borders la Marekani, hutaka vikundi vyake viahidi miaka 5 na jamii moja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, pia cha Marekani, kwa kutumia pampu za matangi ya samaki wa mapambo, walitengeneza kifaa cha bei nafuu cha kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 kutoka hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, ulionyesha kuwa asilimia 71 ya watoto waliotumia kifaa hicho walipona, dhidi ya 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida.

Nadhani Blantyre walifaulu kwa sababu aliyepokea kazi ni hospitali yenye madaktari na wauguzi wanaolala na kuamka hapo, wenye uwezo wa kukataa kifaa kibovu. Kijiji kinachopewa kisima cha bure hukataa kwa shida.

Vyuo vyetu vina nafasi nzuri zaidi: lugha ni moja, na nauli ni ya basi. Bado tusijidanganye, maana msomi wa mjini anaweza kumdharau mwanakijiji kwa Kiswahili fasaha kabisa. Wanafunzi wa uhandisi tayari huenda fildi kila mwaka. Ningependa sehemu ya alama za fildi itokane na kurudi kwenye mradi uliojengwa na waliotangulia, kuufungua kwa spana, kuukarabati na kuandika kilichoharibika na kwa nini. Ugumu uko kwa wahadhiri. Wao hupandishwa vyeo kwa makala zinazochapishwa, na sijaona jarida linalokimbilia habari ya pampu ya zamani iliyobadilishwa mpira.