Ukila kwa Macho, Ule Mpaka Thelathini

Jamani, hizi simu zitatumaliza. Saa nne usiku, mtu keshakula ugali wake na dagaa, kashushia maji, kajilaza. Anafungua simu aone habari. Habari ipi? Mishikaki inachuruzika mafuta juu ya mkaa! Sufuria la pilau linafunuliwa! Piza inakatwa, jibini inavutika mpaka dirishani! Mate yanajaa mdomoni, tumbo linanguruma, na dagaa wamo humohumo wanashangaa. Bando linaisha, njaa inaanza. Hesabu gani hiyo?

Tatizo tunadonoa. Mshikaki mara moja, unasukuma, keki, unasukuma, chipsi mayai. Mwili ukiona chakula unaanza kutoa mate na asidi ya tumboni kupokea mzigo, na mzigo wenyewe haufiki.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwaambia watu wawaze wanakula chokoleti za M&M's 30, moja baada ya nyingine. Wenzao waliwaza 3 tu, muda uliobaki wakawaza kutumbukiza sarafu kwenye mashine ya kufulia. Wazungu bwana! Basi walipowekewa bakuli la chokoleti za kweli, wale wa 30 walikula chache kuliko wale wa 3. Yaani dawa ya ulafi wa macho ni kuuzidisha.

Ila ina masharti kama ya mganga. Chakula kiwe kilekile kimoja: kwenye jaribio jingine, waliowaza chokoleti hawakupunguza kula jibini. Kwa hiyo usiwaze sambusa ukitegemea hamu ya chipsi itaondoka. Waza unatia mdomoni, unatafuna, unameza, ndipo ushike nyingine. Ukikomea tatu umeonja tu, umejichokoza. Na usiwaze kupakua! Waliowaza kuhamisha chokoleti 30 kwenda bakulini hawakupata nafuu yoyote, walikula zaidi. Sasa video zetu nusu nzima ni mkono unapakua, kijiko kinapanda, sahani inajaa, mlaji haonekani. Tutapona lini?

Halafu nani mwenye subira ya mishikaki 30 ya kuwaza? Ya tano tu, mguu unatafuta kandambili na muuza chipsi bado hajafunga. Ukijikaza ukafika ya kumi na mbili, sauti inatoka upande wa pili wa kitanda: "Baba nanihii, unatafuna nini gizani?"

Haya, anza upya kuhesabu.