Sahani Inazunguka, Wali Umepoa

Kuna aina ya mfanyakazi ambaye kila mmoja wetu amewahi kukaa naye ofisi moja: huwahi kufika kuliko wote, huwasha taa, huzunguka korido nzima akiwa na faili kwapani, huhema kwa nguvu ili wenzake wajue kwamba amechoka, na jioni ukiulizia kazi aliyoifanya, huioni. Mfanyakazi wa aina hiyo nimemnunua kwa fedha zangu mwenyewe na kumweka jikoni, kando ya jokofu, naye anaitwa maikrowevu.

Jumanne iliyopita nilifika nyumbani Tabata saa mbili na nusu usiku, baada ya kusimama ndani ya daladala tangu Posta, nikiwa na miadi na sahani ya wali na maharage iliyobaki mchana. Niliiingiza, nikabonyeza dakika tatu, nikasimama mbele yake kwa adabu. Taa iliwaka, sahani ikazunguka, mashine ikanguruma kwa sauti nzito kuliko kawaida yake, na muda ulipokwisha ikalia mara tatu kwa majivuno ya mtu aliyemaliza kulima ekari nzima. Wali ulikuwa baridi vilevile kama ulivyotoka kwenye jokofu. Aliyepata joto ni mimi peke yangu.

Mama Neema alinishauri nikapashe kwenye jiko la gesi, na ningemsikiliza ningekuwa nimeshiba ndani ya dakika tano. Lakini mwanamume mwenye bisibisi ndani ya nyumba hapokei ushauri wa namna hiyo. Nilianza uchunguzi kwa kikombe cha maji, robo lita, dakika mbili kwa nguvu ya juu kabisa, kwa kuwa maji hayana ujanja: mashine nzima ingeyatoa yakifuka mvuke. Niliingiza kidole kwa tahadhari kubwa, nikakitoa kikiwa kimeburudika.

Shemeji yangu, ambaye aliwahi kusomea umeme kwa miezi mitatu kabla ya kugundua kwamba kipaji chake kiko kwenye mpira, alisisitiza kwamba tatizo ni soketi. Nilimwonyesha taa inayowaka ndani ya mashine na kumuuliza taa hiyo inapata umeme wapi. Alitafakari kwa muda, kisha akaenda kuchomeka chaja ya simu yake kwenye soketi ileile, akathibitisha kwamba inafanya kazi, na simu yake ikabaki hapo hadi asubuhi ikila uniti zangu za LUKU. Jirani naye, aliyevutwa na kelele, aliipiga mashine kofi la ubavuni kama afanyavyo kwa redio yake. Nimesoma kwamba Percy Spencer, Mmarekani aliyeanzisha mambo haya mwaka 1945 baada ya peremende kumyeyukia mfukoni akiwa karibu na mtambo wa rada, alizaa mashine ambayo ilipoanza kuuzwa mwaka 1947 ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa kilo zaidi ya 300. Hiyo ningeipenda, maana kofi la jirani yangu isingelisikia.

Kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba mafuta ya chakula yakigandia ndani ya maikrowevu huleta cheche na kuunguza kile kikaratasi kigumu cha ubavuni, nilitoa sahani ya kioo, nikatoa pete yenye magurudumu, nikatoa na kile kijidude cha plastiki chenye pembe tatu kinachokaa katikati, nikasugua kila mahali. Kikaratasi kilikuwa kizima, hakuna cheche iliyowahi kutokea, na bado maji yalitoka baridi. Ndipo nikaigeukia skrubu ya nyuma, ambayo nilikuta ina tundu la umbo la nyota, na baada ya nusu saa ya kuikwaruza nikatangaza kwamba nimechoka na safari.

Alhamisi niliipakia kwenye bajaji, nikiiacha sahani nyumbani isije ikavunjika njiani, nikaipeleka kwa fundi. Fundi alitazama mikwaruzo, akanitazama mimi, akafungua kifuniko na kuninyooshea kopo moja la bati lililokaa kimya pembeni. "Bosi, hii ni kapasita. Hata ukichomoa waya ukutani, umeme bado unaweza kuwamo. Ungeigusa na hiyo bisibisi yako, leo tungekuwa tunakula wali wa msiba kwako." Nilitaka kumwambia kwamba hata wali huo ungekuwa wa baridi, nikanyamaza.

Alinieleza kwamba mpishi halisi ni magnetroni, kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula, nayo haiamki kwa volti 230 za ukutani. Ni lazima transfoma iupandishe umeme hadi volti 2,000 hivi, kisha kapasita na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, zisaidiane kuusukuma hadi karibu 4,000. Taa, feni na mota ya sahani hazina habari na shughuli hiyo, kwani zinakula umeme wa kawaida, na ndiyo maana zilichangamka wakati mpishi amelala. Dayodi, kitu kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, ilikuwa imekufa, na ule mngurumo mzito nilioudhania kuwa bidii kumbe ulikuwa kilio cha transfoma iliyolemewa. Alibadilisha dayodi, akaweka kikombe cha maji moja kwa moja kwenye sakafu ya mashine, na maji yakatoka yakifuka. Nililipa kwa furaha, jambo ambalo halijanitokea mwaka huu wote.

Jioni nilirudisha pete, nikarudisha sahani, nikaingiza wali, nikabonyeza dakika tatu. Sahani haikutikisika. Kijidude cha pembe tatu hakikuwapo. Nilikitafuta chini ya sinki, ndani ya kabati la vyombo na mifukoni mwa suruali, mpaka Neema aliponiambia kwa upole kwamba alikiona juu ya meza, akadhani ni kipande cha kitu kilichovunjika, akakitupa kwenye taka, na gari la taka lilikuwa limepita asubuhi.

Wali ulitoka ukichemka upande wa maharage na ukiwa baridi upande wa pili. Kwa hiyo sasa nasimama mbele ya mashine, na kila baada ya sekunde 30 nafungua mlango, nageuza sahani robo mzunguko, nafunga mlango, nabonyeza tena.

"Baba Neema," mama watoto aliniambia jana akipita na sufuria lake la moto kutoka kwenye gesi, "kumbe mota yenyewe tulikuwa nayo humu ndani siku zote."