Mchoro wa mchunga kondoo na mbwa wake unasema zaidi ya ule wa vigogo

Ukiuliza habari za kanisa la Scotland kugawanyika 1843 lazima utaoneshwa ule mchoro mkubwa wa David Octavius Hill, sura zaidi ya 450 za vigogo na wenzao waliojitenga, jamaa kaanza mwaka huohuo kaja kumaliza 1866. Ni kazi nzito naiheshimu kabisa. Ila moyo wangu uko kwa mchoraji Edwin Landseer, ule mchoro wake wa 1849 unaoitwa Free Church, yani Kanisa Huru, jina la kanisa jipya la waliojitenga: mchunga kondoo wa milimani kakaa kwenye benchi na watu wake, wako kwenye ibada, mbwa wako hapohapo. Basi, hamna mkubwa yeyote pale.

Ugomvi ulikua nani achague mchungaji wa usharika. Sheria ya 1711 iliwapa wenye ardhi haki hiyo na waumini wakimkataa mtu, mahakama inasimama na tajiri. Tarehe 18 Mei 1843 pale Edinburgh wachungaji wakaanza kuondoka, mwishowe wakawa zaidi ya 400, Thomas Chalmers akawa kiongozi wao, wakaacha nyumba na mishahara. Wanasifiwa mpaka leo na wanastahili, lakini jamani, kanisa jipya lilijengwa kwa hela ya nani? Si michango ya hawahawa wa kwenye benchi! Na wengi wao walikua wapangaji tu kwenye ardhi ya bwana ambaye hataki hata kusikia hilo kanisa. Kule Strontian, kijiji cha milimani Scotland, mwenye ardhi aligoma kuwapa kiwanja, wakachangishana wakaunda kanisa la chuma linaloelea, 1846 likatia nanga kwenye ghuba ya Loch Sunart, yani watu wanapanda boti kwenda kusali majini kwa sababu nchi kavu yote ina mwenyewe.

Ndo maana nikiona lile benchi naona watu waliolipia kila ubao. Wapo wanaosema Landseer kaweka mbwa kwa vile alizoea kuchora wanyama, mi sikubali, mchunga kondoo bila mbwa hana kazi, sasa kwanini amwache nje? Kanisa lililowapokea wote wawili ndo lenyewe.

Kinachoniuma, mchoro uko kwenye mkusanyo wa familia ya kifalme ya Uingereza. Wangeuazima hata mwaka mmoja upelekwe Strontian, wajukuu wa wale watu wauone bila kusafiri mpaka kwa wakubwa.