Mgao Ndio Unaoyachafua Maji: Tunachoonyeshwa na Jimbo la Odisha

Kila aliyekulia katika mtaa wenye mgao anaijua sauti ya bomba maji yanaporudi. Kwanza linakohoa hewa, kisha linatema maji yenye rangi ya chai, na mama huiweka kando ndoo ya kwanza kwa matumizi ya chooni kabla ya kuanza kujaza mapipa. Nimeifanya kazi hiyo tangu utotoni nikiamini, kama walivyoamini wakubwa wangu, kwamba ile rangi ni kutu tu. Nilikuja kuelewa vingine nilipoanza kufuatilia habari za maji ya miji ya India, hasa jimbo la Odisha lililo mashariki mwa nchi hiyo, kando ya Ghuba ya Bengali.

Bomba lililozikwa ardhini halikosi tundu, kwa kuwa viungio hulegea na magari mazito hupita juu yake mchana na usiku. Likiwa limejaa maji yenye msukumo, tundu hilo huvujisha maji kwenda nje, na hasara inakuwa ya mamlaka ya maji peke yake. Bomba likiachwa tupu kwa saa ishirini, tundu lile lile huanza kunyonya, na linachonyonya ni kile kilichomo katika udongo unaolizunguka: maji ya mtaro, na yale yanayotoka katika mashimo ya vyoo ya majirani. Mwishoni mwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015, mji wa Sambalpur ulioko magharibi mwa Odisha ulikumbwa na mlipuko wa homa ya ini uliotokana na maji machafu kuingia katika mabomba ya maji ya kunywa, na watu wakapoteza maisha. Waliokufa walikuwa wakinywa maji ya bomba, yale ambayo serikali yoyote huyahesabu kuwa ni maji safi na salama.

Kwa sababu hiyo naushikilia msimamo ambao wahandisi wengi huuona ni wa anasa, kwamba maji ya saa ishirini na nne ni sharti la kwanza la usafi. Si malipo ya mwisho ambayo mji hujipatia baada ya kumaliza matatizo mengine yote. Watafiti waliolinganisha maeneo mawili ya mji pacha wa Hubli-Dharwad, katika jimbo la Karnataka, moja lenye maji ya mfululizo na lingine la mgao, walikuta maji ya mgao yana vijidudu zaidi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukaonyesha kwamba katika kaya maskini zenye maji ya mfululizo, watoto waliugua kuhara damu kwa kiwango kidogo zaidi. Faida iliwafikia wale wasio na uwezo wa kununua chujio wala mkaa wa kuchemshia maji.

Odisha ilithubutu kuanza na Puri, mji wa hekalu la Jagannath, wenye wakazi wapatao laki mbili na nusu na mahujaji wasiohesabika wanaomiminika kila mwaka kwa sherehe ya magari makubwa ya mbao yanayokokotwa kwa kamba. Tarehe 26 Julai 2021, Waziri Kiongozi wa wakati huo, Naveen Patnaik, alitangaza kwamba Puri umekuwa mji wa kwanza nchini India ambako mtu anaweza kukinga glasi kwenye bomba saa yoyote na kunywa. Jibu la kawaida la watawala wanapoombwa maji ya saa zote ni kwamba maji hayatoshi. Lakini mgao wenyewe hula maji mengi, kwani mtu asiyejua maji yatarudi lini hujaza kila chombo alichonacho, huacha bomba wazi usiku kucha ili asikie yakija, na yakija humwaga ya jana ili akinge ya leo. Ukiziba mivujo, ukafunga dira ya maji katika kila nyumba na ukawapa watu uhakika, sehemu kubwa ya upotevu huo hupungua hata kabla ya kuchimba kisima kipya. Kwa mji wa pwani kama Puri, ambako kuvuta maji ya chini kupita kiasi huyakaribisha maji ya chumvi, akiba hiyo ina thamani kuliko pampu.

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, si mabomba. Ni wanawake waitwao Jalsathi, yaani wenzi wa maji, waliotolewa katika vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Mmoja wao huingia katika uchochoro anaoufahamu, akabisha hodi kwa jirani anayemwita dada, akasoma dira na kuandika ankara papo hapo. Kisha hukinga maji kidogo katika kichupa, akadondoshea dawa na kuilinganisha rangi inayotokea na kadi aliyonayo ili ajue kama klorini ipo ya kutosha. Akipokea malipo, sehemu ya makusanyo ni ujira wake. Mwenye nyumba ameshuhudia maji yake yakipimwa mlangoni mwake na mtu atakayekutana naye kesho sokoni. Nimelipa ankara za maji kwa miaka mingi na sijawahi kuonyeshwa kipimo hata kimoja. Imani ya mlaji haijengwi kwa mabango.

Ipo pia hatua iliyotangulia, ambayo haizungumzwi sana. Mwaka 2017 Odisha ilitunga sheria ya kuwapa wakazi wa mitaa ya mabanda haki ya ardhi wanayoishi. Mamlaka nyingi za maji hukataa kumuunganishia bomba mtu asiye na hati, naye asiye na hati hawezi kujenga choo cha kudumu kwa kuwa anaogopa kubomolewa. Sheria hiyo ililegeza fundo lililokuwa likiwanyima bomba na choo kwa pamoja.

Hata hivyo, msukumo wa bomba ni nusu ya kazi, maana udongo unaolizunguka nao lazima usafishwe. Mabomba ya majitaka ya Cuttack na Bhubaneswar yaligharimiwa kwa mkopo wa Japani uliosainiwa mwaka 2007, na ujenzi ukachukua zaidi ya miaka kumi, ilhali miji midogo ya jimbo ilibaki na mashimo na karo, na magari ya kunyonya yakimwaga tope la vyoo mashambani na mitoni. Odisha haikungoja mabomba yafike kote. Mwaka 2018 ilifungua mtambo mdogo mjini Dhenkanal wenye uwezo wa kupokea lita 27,000 za tope kwa siku: tope hutuama, maji yake hupita katika vyumba vya bakteria na kitanda cha kokoto kilichopandwa mimea, na mabaki hukaushwa juani. Baadaye mitambo ya aina hiyo ilijengwa katika miji mingine ya jimbo. Naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote, kwa sababu ulianzia kwenye choo ambacho watu tayari wanacho.

Mjini Cuttack mtambo kama huo ulikabidhiwa kwa kikundi cha watu wa jinsia ya tatu, jamii ambayo Mahakama ya Juu ya India iliitambua rasmi mwaka 2014 na ambayo waajiri wengi huifungia mlango. Mwezi Septemba 2020 serikali ya jimbo ilianzisha mpango wa Garima, yaani heshima, kwa ajili ya wanaotapisha vyoo na kuzibua mifereji, ukiwa na bima, vifaa vya kujikinga na saa za kazi zilizopunguzwa. Kazi hizi nchini India zimebebeshwa Wadalit, watu wa tabaka linalodharauliwa kuliko yote, kwa vizazi, na sheria ya mwaka 2013 inakataza kumwajiri mtu aingie shimoni bila kinga.

Lakini mwaka 2021, miezi michache baada ya Garima kuzinduliwa, wafanyakazi walikufa tena ndani ya mashimo ya majitaka ya Cuttack na Bhubaneswar, hata Mahakama Kuu ya Odisha ikalichukua suala hilo yenyewe bila kungoja mlalamikaji. Kibarua anayeitwa asubuhi na mkandarasi hayumo katika daftari la serikali, hana kadi wala bima, na anashuka kwa kamba kwa sababu akikataa ataitwa mwingine. Jimbo lililoweza kumtuma mwanamke mlango kwa mlango na kichupa cha klorini linaweza pia kumtuma mtu awahesabu vibarua hao mtaa kwa mtaa, liwaandikishe kwa majina, na limnyime malipo mkandarasi yeyote anayemshusha mtu mahali ambapo mashine inaweza kufika.