Mji wa Mtoni Uzungukwe kwa Gari, Polepole

Wapo wanaoshikilia kwamba mji mdogo hujulikana kwa miguu tu. Siafikiani nao, na sababu yangu ni miji iliyo kando ya mito. Mji wa namna hiyo haukukua kwa duara. Ulifuata maji, nyumba baada ya nyumba, hadi ukawa mrefu na mwembamba kama utepe. Ukitembea utaona kipande chake. Na ukiwa na mzazi aliyechoka magoti, kama mimi nilivyo na mama, hata hicho kipande yeye hatakiona.

Basi twende na gari, ila mwendo uwe wa pole kwelikweli. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Roshani nzuri imeshabaki nyuma kabla hujamwonyesha mwenzako. Mimi huenda 15. Akitokea mwenye haraka nyuma yangu, nasogea pembeni apite.

Anzia darajani. Mara nyingi daraja la zamani limekaa pale pale watu walipokuwa wakivuka kwa miguu, penye maji ya kina kifupi, na mji ukaota hapo. Jina la Frankfurt, Ujerumani, bado limebeba habari hiyo: maana yake ni kivuko cha Wafranki.

Kisha chagua upande, jambo ambalo wengi hawalifikirii na mimi naliona kuu kuliko yote. Katika nchi ambazo magari hupita kushoto, abiria wa mbele naye hukaa kushoto. Kwa hiyo teremka na mkondo kwa ukingo wa kulia, vuka, kisha urudi kwa ukingo wa kushoto. Mto utakuwa dirishani kwake safari nzima, na ukitaka kusimama hukati barabara. Wanaopita kulia wazunguke kinyume chake.

Mto unapopinda, zima injini. Mwaka 1926 Albert Einstein aliandika kuhusu mipindo hii akitumia mfano wa kikombe cha chai: ukikoroga, majani hukusanyika katikati, chini. Mtoni nako maji ya juu husukumwa kuelekea ukingo wa nje na kuula, huku ya chini yakiburuta mchanga hadi ukingo wa ndani. Ukishalijua hilo, mji unaanza kujieleza wenyewe. Unaelewa kwa nini ukuta wa mawe uko upande huu, penye kina, na kwa nini ng'ambo kuna ufuko mpana usio na nyumba hata moja.

Tazama pia kuta za majengo ya zamani. Miji mingi huchora mstari na mwaka pale mafuriko yalipofika. Huko Passau, Ujerumani, inakokutana mito mitatu, alama hizo ziko kwenye ukuta wa jengo la zamani la halmashauri. Mwaka 2013 kipimo cha mto kilifika mita 12.89, kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 1501. Mstari wa namna hiyo ni mwembamba, na kwa mwendo wa kawaida wa gari hauuoni.

Katika safari yetu ya mwisho mama alishuka garini mara moja tu, penye mstari kama huo. Alinyoosha mkono augusie kidole. Haukufika.